Boccherini alikosea kuhusu muziki wake mwenyewe

Kuna muziki mmoja unaujua hata kama hujawahi kukanyaga ukumbi wowote wa muziki wa kizungu. Umeusikia kwenye katuni. Umeusikia ukisubirishwa kwenye simu ya huduma kwa wateja. Umeusikia kwenye filamu, kila mara matajiri wanapoketi mezani na uma tatu tatu mbele yao. Fidla inaimba juu kwa adabu nyingi, na chini yake vyombo vingine vinadonolewa nyuzi kwa kidole, pim, pim, pim. Ukipigiwa sasa hivi utasema, "Aah, hiyo!" Halafu nikuulize ni ya nani. Kimya. Ama utaniambia Mozart, kwa sababu chochote chenye wigi sisi humpa Mozart.

Ni ya Luigi Boccherini. Mwitaliano wa mji wa Lucca, alizaliwa 1743, akafa Madrid 1805. Hiyo minueti ni sehemu moja tu ya kwinteti aliyoitunga 1771, na ndiyo imekuwa maisha yake yote machoni pa watu. Kuna filamu ya Waingereza ya 1955, The Ladykillers, ambapo majambazi wamepanga chumba kwa bibi mmoja mzee wakidai ni wanamuziki wanaofanya mazoezi. Kumbe wameweka santuri inazunguka huku wao wakipanga wizi. Kwenye santuri ni nini? Minueti ya Boccherini. Yaani imefika mahali ambapo muziki wenyewe ni barakoa, kitu cha kuweka ili watu wasikushuku.

Sasa wakuu, huyu mzee ana kipande kingine. Alikitunga yapata 1780, kinahusu usiku katika mitaa ya Madrid, na yeye mwenyewe alimwandikia mchapishaji wake kwamba hakifai kitu nje ya Uhispania. Alisema kitachekesha tu. Kwamba wasikilizaji wa kwingine hawatakielewa na wapigaji wa kwingine hawatajua namna ya kukipiga. Mimi nasema alikosea, na kosa lake linamhusu kila mtu anayetengeneza kitu kwa lugha ya kwao, kwa watu wa kwao, huku akiambiwa kila siku afikirie "soko la dunia".

Lakini kwanza umjue mtu.

Baba yake, Leopoldo, alikuwa mpiga besi, ile kubwa ya kusimama nayo. Luigi akashika chelo, na bado kijana mdogo wakaenda Vienna, baba na mwana, kupiga kwenye tamthilia. Baadaye akaungana na rafiki yake Filippo Manfredi, mpiga fidla wa Lucca, wakazunguka hadi Paris. Huko 1768 akasikika kwenye maonyesho makubwa ya jiji, na wachapishaji wakaanza kutoa kazi zake. Mtu wa miaka 25, chelo mkononi, Paris inamsikiliza. Wewe ungebaki, ama? Yeye akaenda Uhispania, na hakutoka tena.

Mwaka 1770 akaajiriwa na Don Luis, ndugu yake Mfalme Carlos wa Tatu. Huyu Don Luis ana stori yake. Alifanywa kardinali akiwa mtoto wa miaka minane. Miaka minane, jameni! Familia ilitaka kiti, kiti kikapata mtoto. Alipokuwa mtu mzima akavua hilo joho 1754, kwa sababu wito hakuwa nao hata chembe. Alichopenda ni uwindaji, picha, muziki na wanawake.

Nyumbani kwa Don Luis tayari kulikuwa na kundi la nyuzi: mzee Francisco Font na wanawe. Fidla mbili, viola moja, chelo moja, kundi kamili la watu wanne waliokula meza moja tangu utotoni. Halafu anakuja Boccherini na chelo yake. Utamweka wapi? Huwezi kumfukuza mtoto wa mtu kwenye kundi la baba yake. Kwa hiyo Boccherini akafanya jambo rahisi sana: akatunga muziki wa watu watano, wenye chelo mbili. Font mmoja anashika besi chini, naye Boccherini anapanda juu kabisa kwenye uzi wake, anaimba mahali ambapo fidla huimba. Alitunga kwinteti za namna hiyo zaidi ya 100. Vitabu vya muziki huzitaja kama mchango wake mkubwa, kama vile aliketi siku moja akawaza kuhusu mustakabali wa sanaa ya Ulaya. Zilitokana na nani alikuwa nyumbani siku hiyo.

Hapo ndipo nilianza kumpenda.

Halafu mambo yakaharibika. 1776 Don Luis akamwoa María Teresa de Vallabriga, binti asiye wa ngazi yake. Mfalme akakubali ndoa kwa masharti makali: mke haji kasri, watoto hawabebi jina la ukoo wa kifalme, na mume akitaka kukaa na mkewe basi akae mbali. Wakaishia Arenas de San Pedro, mji mdogo chini ya milima ya Gredos, mkoa wa Ávila. Goya alifika huko miaka ya 1783 na 1784 kuwachora, na ile picha kubwa ya familia inaonyesha watu wamekusanyika karibu na meza ya karata, usiku, bibi anatengenezwa nywele. Ukiitazama unaona kasri lisilo na mahali pa kwenda. Boccherini aliwafuata. Mwajiri wako akifukuzwa mjini, nawe umefukuzwa.

Kwa hiyo mweke hapo akilini mwako. Mtu ameishi Madrid, jiji lenye kelele, sasa yuko kijijini, jua likizama ni giza na mbwa. Anaandika nini? Anaandika kelele za Madrid.

Kipande kinaitwa kwa Kiitaliano Musica notturna delle strade di Madrid, muziki wa usiku wa mitaa ya Madrid. Kinaanza na kengele ya kanisa, ile ya sala ya jioni, na nyuzi ndizo zinakuwa kengele. Kisha ngoma ya askari kambini. Kisha, na hapa ndipo kila mtu huacha alichokuwa anafanya, minueti ya vipofu. Ombaomba vipofu wa Madrid waliokaa mtaani wakikwaruza magitaa yao kuomba sarafu. Boccherini anawaagiza wapigaji wa chelo waweke pinde kando, walaze chelo magotini, na wakwaruze nyuzi kwa kucha kama gitaa. Chelo! Chombo cha kasri, kilicholipiwa na ndugu ya mfalme, kinalazwa magotini kigeuke gitaa la kipofu.

Sasa linganisha. Minueti ya kwanza, ile ya simu, imevaa vizuri, imeoga, haina anwani. Inaweza kuwa ya Vienna, ya Paris, ya popote palipo na zulia. Minueti ya pili ina mtaa na ina watu waliokaa kwenye mtaa huo. Zote ni za mtu mmoja, na kati yake ni kama miaka tisa.

Baada ya vipofu inakuja rozari. Wapigaji hapa wanaambiwa wasifuate mapigo kwa ukali, waende kama watu wanaosali wanavyokwenda, mmoja anatangulia, wengine wanachelewa. Kisha wanapita vijana wa mtaani, wale Manolos, watu wa tabaka la chini wa Madrid waliojulikana kwa mavazi ya mikogo na midomo mirefu, wanaimba wakitembea. Halafu ngoma tena. Na mwisho ni doria ya usiku, askari wanaofunga siku, amri ya watu kuingia majumbani. Wimbo wa doria unaanza mbali, mdogo, unakaribia, unakuwa mkubwa, unapita chini ya dirisha lako, unaenda zake hadi hausikiki. Hakuna shangwe ya mwisho. Wamepita tu.

Ndiyo hiyo aliyosema haifai nje ya Uhispania.

Naelewa kwa nini alisema. Ukitoa kitu kilichojaa majina ya nyumbani, unaogopa kuchekwa, kwa hiyo unajicheka mwenyewe kwanza. Mimi hupata ushauri wa bure kila wiki kuhusu kontenti yangu: ondoa majina ya mitaa, ondoa utani wa matatu, ongea Kiswahili kisicho na harufu ya mahali, ama bora uongee Kiingereza kabisa, ufikishe mbali. Ushauri huo una mantiki yake, sikatai. Namba hupanda kweli ukifanya hivyo. Lakini nimeangalia watu walioufuata na sasa huwezi kujua video imetoka Kisumu ama Kuala Lumpur. Wamekuwa minueti ya kusubiri simu. Inasikika kila mahali, na hakuna anayeuliza ni ya nani.

Sasa najua kuna mtu tayari anaandika: "Wewe, huyo Boccherini wako alikuwa na mshahara. Angetunga hata kuhusu kuku." Kweli kabisa. Na sitaki kuipita hiyo haraka haraka, kwa sababu ndiyo sehemu ngumu ya hadithi.

Alikuwa na mshahara kwa sababu alikuwa na mtu mmoja. Mwaka 1785 mke wake wa kwanza, Clementina, alikufa. Mwaka huo huo Don Luis naye akafa. Fikiria: mke na ajira vimeondoka ndani ya miezi, nawe una watoto nyumbani. Mfalme akampa pensheni ya reale 12,000 kwa mwaka. Halafu mwaka uliofuata akapata kazi ambayo ingefanya vijana wa leo waseme kazi ya mtandaoni tuliianza sisi: Friedrich Wilhelm wa Pili wa Prussia, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga chelo na aliipenda kufa, alimfanya mtunzi wake. Boccherini akakaa zake Uhispania, akitunga na kutuma nota kwenda Ujerumani. Malipo yanakuja, muziki unaenda. Karibu miaka kumi na mmoja.

1797 yule mfalme akafa, na mrithi wake hakutaka kuendelea na mpango huo. Basi. Hakuna notisi ya mwezi mmoja.

Akabaki na mchapishaji wa Paris, Ignace Pleyel, mtunzi aliyekuwa mwanafunzi wa Haydn na aliyekuja kuwa mtengenezaji wa piano. Barua zao zinasikitisha kusoma kama wewe umewahi kufuatilia malipo. Mmoja ana bidhaa, mwingine ana soko, na mwenye soko hana haraka. Waandishi wengi wa zamani walimchora Boccherini wa mwisho kama maskini wa kutupwa, na wa siku hizi wanasema chumvi ilizidi. Lakini hata ukitoa chumvi, aliyekuwa na uwezo wa kungoja katika hizo barua ni Pleyel.

Kwa hiyo ndiyo, mshahara ulimnunulia uhuru wa kutunga kuhusu vipofu wa Madrid. Ila tazama jambo moja. Don Luis hakumwajiri atunge kwa ajili ya dunia. Alitaka muziki wa chumba kile, jioni ile, kwa watu waliokuwepo. Sisi tunaongelea mfadhili kama mtu anayekufunga mikono, na mara nyingi ni kweli. Huyu alimfungia mtu kwenye kijiji, na kijiji kikampa sababu ya kuukumbuka mtaa. Soko la dunia, lile la Pleyel, lilitaka nini? Kwa sehemu kubwa, vitu vinavyopigika sebuleni Paris bila maelezo marefu.

Na bado, hapa ndipo mzee anajipinga mwenyewe. Ile doria ya usiku, aliyosema haifai nje ya Uhispania? Mwaka 1799 aliichomeka ndani ya kwinteti za piano alizozitunuku kwa taifa la Ufaransa. Taifa zima! Aliitumia pia kwenye kwinteti za gitaa, zilezile zinazobeba fandango yake maarufu yenye kastaneti. Yaani maneno yake yalisema hapana, lakini mkono ulirudi kwenye wimbo ule tena na tena. Sijui kama ni njaa ama ni mapenzi. Nadhani alijua moyoni kwamba ndicho kitu alichokuwa nacho ambacho Haydn hakuwa nacho.

Nikitaja Haydn, kuna mpiga fidla wa enzi hizo, Giuseppe Puppo, anayesemekana kumpachika Boccherini jina la "mke wa Haydn". Eti Haydn lakini laini, mpole zaidi, mwenye haya. Jina likashika, kama majina ya kejeli yanavyoshika. Ukisikia tu minueti ya simu unaweza kuona alikolitoa. Ukisikia ile kucha kwenye nyuzi za chelo, Puppo anaonekana mtu ambaye hakusikiliza vya kutosha.

Na hata chelo yake mwenyewe iliguswa na watu wa kuoga na kuvaa. Konsati yake maarufu ya chelo, ile ya B bemoli, watu wengi walisikia kwa miongo na miongo toleo la Mjerumani aitwaye Friedrich Grützmacher. Huyo alikata, akashona, akatoa sehemu ya polepole akaweka ya konsati nyingine. Karne ya 19 ilikuwa na rimiksi zake, na aliyefanyiwa rimiksi alikuwa kaburini.

Turudi kwa ile isiyofaa. Mwaka 1975 Luciano Berio, mtunzi Mwitaliano wa kisasa, alichukua matoleo manne ya ile doria, akayaweka juu ya mwenzake yakapigwa pamoja na okestra ya La Scala ya Milan. Mwaka 2003 ikaja filamu Master and Commander, Russell Crowe na fidla, Paul Bettany na chelo, kapteni na daktari kwenye manowari katikati ya bahari. Mwisho wa filamu, meli inageuza mwelekeo, na hao wawili wanakaa chumbani wanapiga Madrid usiku, hadi wanashika vyombo vyao kama magitaa na kuvikwaruza. Watu waliotazama filamu hiyo dunia nzima hawajui Manolos ni nani. Hawajui rozari ya Madrid ilisaliwaje. Na walitoka wakitafuta jina la huo muziki. Hicho ndicho ninachojali mimi: walitafuta jina. Minueti ya simu hakuna anayeitafuta, kwa sababu haikuachii pengo lolote la kujaza.

Ndiyo maana nasema alikosea. Alidhani mgeni lazima aelewe kila kitu ndipo afurahie. Mgeni hahitaji kuelewa kila kitu. Anahitaji kuhisi kwamba kuna watu halisi hapo, wanaojuana, na yeye amechungulia dirishani. Ukiondoa majina ya mitaa ili mgeni asipotee, umeondoa na dirisha.

Boccherini alizikwa Madrid, na huko akakaa zaidi ya miaka 120. Mwaka 1927 mifupa yake ikachimbuliwa ikapelekwa Lucca, kwenye kanisa la San Francesco. Najua ni heshima, nyumbani ni nyumbani. Lakini kusema ukweli, mimi ningemwacha Madrid, karibu na dirisha ambalo doria ilikuwa inapita.

Ukitaka kuanza, usianze na minueti ile, hiyo unayo tayari. Tafuta Musica notturna, toleo la kwinteti ya nyuzi na siyo la okestra, weka spika za masikioni, usubiri hadi wafike vipofu. Baada ya hapo njoo kwenye maoni uniambie ni kelele gani ya usiku ya mtaa wako ungeiweka kwenye kipande chako. Wa Nairobi msiandike honi ya matatu, hiyo tayari nimeichukua.